Sabuni Chini ya Kitanda cha Mama

SEHEMU YA TISA

Tuliachana Inspekta Bakili akiwa ameinama, ameshika ncha ya shuka, na nyuma ya shuka hiyo maboksi ya sabuni za mche yamepangwa hadi ukutani. Kando ya kabati alikuwa amesimama Wilbert, karani wa ghala la kampuni ya umma, jasho linamtiririka kama mtu aliyemwagiwa ndoo.

"Nauliza mara ya mwisho," Bakili akasema. "Mali hii ni ya nani?"

Wilbert alilijua jibu. Ni yeye aliyeyaleta maboksi yale na kuyasukuma chini ya kitanda cha mama yake, moja baada ya jingine. Akafungua mdomo aseme.

Kikatoka kikohozi.

"Ni yangu," akasema Mama Candida.

Bakili akageuka. Mbele yake alimwona mwanamke mfupi, kanga kiunoni, mwiko mkononi. Huyu ndiye mjane kutoka Kilema, Kilimanjaro, aliyewalea watoto wawili kwa kuuza mtori wa ndizi na supu pembeni ya Soko la Kariakoo.

"Yako wewe, mama?"

"Yangu."

"Na kijana huyu?"

"Huyu ni mwanangu. Anatoka asubuhi, anarudi jioni, anakula, analala. Chini ya kitanda changu atafuata nini?"

Bakili akamtazama Wilbert. Wilbert akatazama sakafu.

Na hapo, msomaji, ndipo kijana huyu alipopotea. Nafasi alikuwa nayo. Askari wawili walikuwa wanaanza tu kuyavuta maboksi, mama yake alikuwa bado hajafungwa mikono, na neno moja lilitosha. Hakulisema.

Mnaukumbuka mwaka ule wa themanini na tatu. Msako wa walanguzi na wahujumu uchumi ulikuwa umepamba moto. Sabuni imeadimika hadi watu wanafua kwa majani ya mpapai, na waliokuwa nayo kwa siri waliimwaga chooni kwa hofu, asubuhi mitaro inatoa povu. Aliyekutwa na shehena kama ile alipelekwa mbele ya baraza jipya, ambako wakili hakuruhusiwa kukanyaga, na aliyetiwa hatiani huko alihesabu miaka jela.

Wilbert aliyajua yote hayo. Ndiyo maana alikohoa.

"Wewe kijana," askari mmoja akamwita. "Una mikono? Saidia kubeba."

Akabeba.

Alitoka mlangoni amelikumbatia boksi lake mwenyewe kifuani, nyuma ya mama yake mwenyewe, kuelekea Land Rover ya polisi. Mtaa mzima wa Mchafukoge ulikuwa umejaa barazani.

"Maskini Wili," mama mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika. "Mtoto kasoma, mama anamchafulia jina."

"Afadhali yeye ana adabu," akajibu mzee wa duka la jirani. "Hebu mwone anavyowasaidia askari. Vijana kama hawa ndio wanaotakiwa."

Wilbert alisikia kila neno. Alirudi ndani akachukua boksi la pili. Wakamsifu tena.

Mama Candida alipanda gari bila kushikwa mkono. Alipokwisha kukaa, akaita:

"Wili!"

Moyo ukamruka. Atasema sasa, akawaza. Na kwa nukta moja, Mungu amsamehe, alimwogopa mama yake.

"Ndizi ziko motoni. Zigeuze zisije zikashika."

Gari likaondoka.

* * *

Uani, jiko la mkaa lilikuwa linawaka vilevile. Wilbert alichuchumaa mbele ya sufuria akageuza mtori huku machozi yanamdondokea magotini. Mtori ule ndio uliomsomesha. Ulilipa sare, ulilipa madaftari, na alipokwenda bweni uliuza hadi ng'ombe wa mwisho wa nyumbani, kwa maana ulipokuwa hautoshi mama alipanda basi hadi Kilema akamtoa ng'ombe mwenyewe zizini.

"Zinaungua," sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa Kamla, jirani wa ghorofani, mke wa Tulsidas mwenye duka la vitambaa. Mwezi uliopita Tulsidas naye alibebwa na gari lile lile.

"Shikamoo, Mama Chandu."

"Marahaba. Sabuni zile ni zako."

Mwiko ukasimama.

"Siku ile nilikuwa naanika nguo juu. Nikakuuliza, Wili, unashusha nini? Ukasema vitabu vya kazini. Vitabu gani vinanukia hivyo?"

Wilbert akainuka. "Mama Chandu, utanisema?"

Kamla akamkazia macho. "Ndilo swali lako la kwanza? Mama yako yuko rumande, na wewe unauliza kama nitakusema?"

Wilbert akageukia sufuria.

Kamla akavuta ncha ya sari yake begani, akashusha sauti.

"Sikiliza nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Vitambaa walivyovikuta dukani kwetu niliviingiza mimi. Mume wangu alikataa, nikamshinda kwa maneno. Siku walipouliza ni vya nani, alisema vyake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, mtoto mikononi, nawasikia. Nikajiambia nanyamaza kwa ajili ya watoto. Tangu siku hiyo sijaonja chakula kikawa na ladha. Nikilala namsikia anasema 'ni vyangu'. Nikiamka namsikia."

Akamnyang'anya mwiko.

"Na mimi nilikuwa na watoto, Wili. Wewe unanyamaza kwa ajili ya nani?"

Wilbert hakusubiri kufunga mlango. Alitoka mbio.

* * *

Hakukimbilia polisi. Alikimbilia Posta, zilikokuwa ofisi za kampuni yao.

Tulikwisha kuambiana kwamba maboksi yale hayakutembea yenyewe kutoka ghalani. Aliyeyatoa ni Tarsis, meneja wa ugavi, kijana wa nyumbani Kilimanjaro, mchumba wa Euphrasia dada yake Wilbert. Posa imeshapokelewa, tangazo la ndoa limeshaanza kusomwa kanisani. Ni Tarsis aliyemtafutia Wilbert kazi, na ni yeye aliyemwambia, "Shemeji, nihifadhie huu mzigo kidogo, hutajuta."

Jumamosi ofisi zilikuwa nusu siku. Wilbert alimkuta anashuka ngazi, suti ya Kaunda imenyooka, funguo za gari zinalia kidoleni.

"Wamemchukua Mama."

Tarsis akamvuta pembeni. "Umenitaja?"

Wilbert aliisikia sauti yake mwenyewe ndani ya swali lile.

"Sijamtaja mtu. Mama amesema ni zake."

Tarsis akashusha pumzi. "Basi. Tulia. Mama ni mtu mzima, mjane, watamhurumia."

"Baraza lile halimhurumii mtu! Twende sote, Tarsis. Tuseme. Mimi nitasema nilificha, wewe utasema ulitoa."

"Wewe!" Tarsis akacheka bila furaha. "Viatu hivyo umenunua kwa mshahara upi? Ile redio unayoisikiliza kitandani umeipata wapi? Ulikula kimya kimya, leo unataka kutapika hadharani?"

Wilbert akaangalia viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri. Mama yake alivisifu siku alipovileta, akavipiga rangi kwa mkono wake.

"Halafu kuna jambo hulijui," Tarsis akaendelea, safari hii kwa upole. "Dada yako ni mjamzito. Mtoto ni wangu. Ukinitaja mimi, unamtia jela baba wa mpwa wako kabla hajazaliwa. Kamuulize Euphrasia kama anataka hivyo."

Akampigapiga begani, akaingia kwenye gari, akaondoka.

Wilbert alibaki amesimama, watu wanampita. Alikuja kumpunguzia mama yake mzigo, sasa alikuwa na miwili. Akisema kweli, anamwua dada. Akinyamaza, anamwua mama.

Alitembea polepole kurudi Mnazi Mmoja, na njiani akajipatia jibu lake. Atajitaja yeye. Yeye peke yake. Alishangaa kwamba jibu lenyewe lilikuwa rahisi hivyo, na kwamba tangu asubuhi halikumjia.

* * *

"Afande, sabuni ni zangu."

Kituoni, Inspekta Bakili aliinua kichwa kutoka kwenye kikombe cha chai. Hakuonekana kushangaa. Akamwagiza askari alete mahabusu.

Mama Candida aliingia bila viatu. Kanga yake ilikuwa imelowa upande mmoja, kwa maana huko alikotoka walikuwa wengi na sakafu ilikuwa na maji. Alipomwona Wilbert, uso ulibadilika.

"Mama," Bakili akasema, "mwanao anadai mali ni yake."

Mama Candida alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayefichua aibu ya nyumbani.

"Afande, msimsikilize. Tangu baba yake afe, akili zinamhama. Kuna siku alisema yeye ni padri. Akaanza kutubariki mezani. Mchukulieni vivyo hivyo, mpeni maji ya kunywa, arudi nyumbani."

"Mama!"

"Unaona anavyopiga kelele? Ndivyo inavyomwanza."

Bakili aliwatazama wote wawili kwa zamu. Simu ikalia kaunta, akaitwa. Akatoka, akaacha mlango wazi na askari mmoja nje.

Mama Candida alimsogelea mwanawe upesi. Sauti yake haikuwa ya mama wa mgonjwa tena.

"Umekuja kufanya nini hapa?"

"Kusema kweli, Mama. Siwezi. Wewe hukujua lolote, mimi ndiye..."

"Nani hakujua?" Akamkata. "Mimi nimefua nguo za watu tangu wewe unanyonya. Unaingiza sabuni chumbani kwangu unaniambia ni vitabu, unadhani pua hii nimewekewa kwa urembo? Nilijua siku ile ile. Nikajua na aliyekupa ni nani, kwa maana huna akili ya kuiba peke yako."

"Ulijua? Kwa nini hukusema?"

"Nilisubiri uniambie."

Wanawake wenye nguvu hupiga kwa namna nyingi, lakini Wilbert hajapigwa kama alivyopigwa na maneno hayo mawili.

"Kila usiku nililala juu ya zile sabuni," mama akaendelea, "nikasema leo ataniambia. Kesho ataniambia. Nikaona kimya. Basi nikatengeneza jibu langu mapema, nikaliweka tayari. Walipouliza, nilikuwa nalo mdomoni. Mimi nimeshazeeka, Wili. Nitapika huko huko ndani, nitaishi. Wewe hutaishi. Na dada yako..."

"Najua. Tarsis ameniambia."

"Basi unajua. Nyamaza, nenda nyumbani."

"Siendi."

"Wilbert!"

Hatua zikasikika. Aliyeingia na Bakili hakuwa askari.

Alikuwa Tarsis.

* * *

"Ndugu Inspekta," Tarsis akasema, amesimama wima kama yuko mkutanoni, "nimekuja kama raia mwema. Ghalani kwetu mali inapotea, na karani tunayemshuku tunaye siku nyingi. Ndiye huyu hapa. Mama huyu anamkingia kifua tu. Nawaomba msimwonee, mchukueni mwizi mwenyewe."

Wilbert alielewa papo hapo. Tarsis aliogopa kutajwa, akaona atangulie.

Mama Candida naye alielewa. Alimtazama mwanamume yule kuanzia viatu hadi nywele. Huyu ndiye aliyekaribishwa mezani kwake, akapewa paja la kuku, akamwita Mama. Akakaza fundo la kanga kiunoni.

"Tarsis," akasema taratibu. "Mimi nimelowa humu tangu asubuhi kwa ajili ya kukuficha wewe."

Bakili akasimama. "Umesema nini, mama? Rudia."

"Nimesema..."

"Amechanganyikiwa, afande!" Wilbert akaruka katikati. Alikuwa anaona tumbo la dada yake, anaona mtoto asiye na baba. "Bwana Tarsis anasema kweli. Ni mimi. Niliiba mwenyewe, nikaficha mwenyewe. Yeye hajui kitu, na Mama hajui kitu. Nifungeni."



Akanyoosha mikono mbele. Moyoni, kwa mara ya kwanza siku ile, kulikuwa na nafasi ya kupumua.

Tarsis akatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo sana, la mtu aliyeona mvua inapita nyumba yake na kunyesha kwa jirani. Akalifuta haraka, lakini kuna mtu aliyeliona.

Euphrasia alikuwa amesimama mlangoni.

Alikuwa na sare yake ya kiwanda cha nguo, kapu la chakula mkononi. Kamla alimpasha habari, akampa na chakula cha mahabusu. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu saa ngapi, lakini macho yake yalionyesha kwamba amesikia ya kutosha.

Bakili alikuwa ameshatoa pingu mtotoni mwa meza.

"Afande, subiri kwanza," Euphrasia akasema. "Kaka yangu anadanganya. Na mama yangu anadanganya. Humu ndani hakuna aliyesema kweli."

"Euphrasia, nyumbani!" Mama Candida akafoka. "Fikiria tumbo lako!"

"Ndilo ninalolifikiria, Mama. Siku moja aliyemo ataniuliza bibi yake alifia wapi, na mjomba wake alifungwa kwa nini. Nimjibu nini? Kwamba nilikuwa nataka harusi?"

Akaweka kapu chini, akamgeukia Inspekta.

"Sabuni zilizokuwa kwetu ni kidogo. Nyingine ziko ng'ambo, Kigamboni, kwenye chumba ambacho Tarsis anasema tutaanzia maisha. Nilikwenda kufagia nikazikuta. Aliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Ningesema wakati ule, leo Mama asingekuwa hapa." Akanyoosha kidole mlangoni. "Tukiwahi pantoni ya kuvukia pale Magogoni, nitawapeleka mwenyewe."

Uso wa Tarsis ulikuwa umekauka.

"Mpenzi," akasema polepole, "umewaambia chumba kile kimepangwa kwa jina la nani?"



"Kwa jina langu," Euphrasia akasema. "Uliniambia ni zawadi. Sasa nimeelewa ilikuwa zawadi gani."

"Basi wakifika huko, mwenye mali ni wewe. Na mimba yako. Mimi sijawahi kukanyaga."

"Najua. Ndiyo nasema twende."

"Mali ya Kigamboni ni yangu mimi!" Mama Candida akapiga kelele. "Nilimtuma mimi!"

"Ni yangu!" Wilbert naye akapaza sauti. "Afande, zote ni zangu!"

Inspekta Bakili akatazama pingu zilizokuwa mkononi mwake. Zilikuwa jozi moja tu, na mbele yake watu watatu wa familia moja walikuwa wamenyoosha mikono, kila mmoja anataka afungwe yeye.

Wa nne alikuwa ameshashika kitasa cha mlango.